Heshima ya Chungu cha Pombe

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga milango ya vilabu na mahoteli huko Ulaya na Marekani, wauzaji wa bia za viwanda vidogo walibuni desturi mpya ya kusherehekea Krismasi. Mwenye duka alipanga chupa nne, tano au sita katika sanduku. Mteja akalipa, akalipeleka sanduku lake nyumbani. Na saa iliyopangwa ilipowadia, wateja wote wakafungua kompyuta zao, wakaonana nyuso katika kioo, kila mmoja akiwa sebuleni kwake. Hapo mwenye duka, na mara nyingine mpishi wa bia mwenyewe, akawaongoza kuonja chupa moja baada ya nyingine, kuanzia iliyo nyepesi hadi iliyo nzito na nyeusi. Aliwaeleza jinsi shayiri ilivyooteshwa na kukaangwa, jinsi hopsi ilivyotiwa ili kuleta uchungu na harufu, na viungo vilivyokolezwa kwa ajili ya sikukuu: mdalasini, kungumanga na karafuu.

Wako watakaolicheka jambo hili na kuliita mchezo wa walioshiba. Mimi silicheki. Naliona kuwa ni somo, tena ni suto kwetu. Watu wale hawakukusanyika ili walewe, maana mtu atakaye kulewa hahitaji mwalimu. Walikusanyika ili waijue pombe iliyopikwa na jirani yao: nani ameipika, kwa nafaka gani, kwa maji ya wapi, na kwa nini imepikwa msimu huu wala si mwingine. Je, sisi? Ni wangapi miongoni mwa wasomi wetu wawezao kusimama mbele ya darasa na kueleza, hatua kwa hatua, jinsi mbege inavyopikwa? Ni wangapi wajuao kwa nini ulanzi una msimu wake? Tukiulizwa majina ya bia za chupa tutayataja kumi bila kupumua. Tukiulizwa habari za chungu tutaangalia chini, au tutacheka.

Hoja yangu ni hii. Pombe zetu za asili ni sehemu ya elimu na utamaduni wa taifa. Kuzidharau ni kasumba, na gharama ya dharau hiyo haimwangukii anayedharau. Inawaangukia wanawake wapishi, wakulima wa ulezi na mtama, na wanywaji ambao usalama wao hauna mlinzi.

Kwanza tuwatazame wale tunaodhani kuwa hawakupata kupotea. Nchini Uingereza, kufikia miaka ya 1960, viwanda vikubwa vilikuwa vimemeza vidogo, na bia ya mapipa iliyochachukia kilabuni ilikuwa ikitoweka. Mwaka 1971 Waingereza wanne waliasisi chama cha kuitetea bia hiyo, nacho kikakua hata kikawa na wanachama wengi nchini mwao. Marekani hali ilikuwa mbaya zaidi. Kuanzia mwaka 1920 hadi 1933 pombe ilipigwa marufuku nchi nzima. Na hata baada ya marufuku hiyo kuondolewa, mwananchi hakuruhusiwa na sheria ya shirikisho kujipikia bia nyumbani mpaka Rais Carter alipotia sahihi sheria mpya mwaka 1978. Wakati huo nchi ile kubwa ilikuwa na viwanda vya bia visivyofika 100. Mwaka 2020 vilikuwa zaidi ya 8,000, na vilivyo vingi vilianzishwa na watu waliojifunza upishi katika sufuria za nyumbani. Nao Wabelgiji walikwenda mbali zaidi: mwaka 2016 utamaduni wao wa bia uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Tena, sikukuu na pombe yake ni mambo ya kale kwao kama yalivyo kwetu. Sheria ya kale ya Gulating, huko Norway, ilimwagiza mkulima apike pombe ya Krismasi, na aliyekaidi alitozwa faini. Kwa hiyo yule mwenye duka aliyekaa mbele ya kioo mwaka 2020 hakuwa akizua jambo. Alikuwa akiendeleza desturi ya mababu zake kwa chombo cha zama zake.

Sasa turudi nyumbani. Kila mwezi wa Desemba barabara za kwenda Kilimanjaro hujaa wana wa Uchagani warejeao kwao kula sikukuu. Huko huwasubiri mbege, na mbege si maji yaliyooza kama wasemavyo wasiojua. Ndizi mbivu humenywa na kuchemshwa kwa muda mrefu mpaka zigeuke rangi na kuwa nyekundu kama udongo. Kisha huachwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi nao hulowekwa, huoteshwa, huanikwa na kusagwa. Kimea hicho hupikwa uji, na uji ukisha kupoa huchanganywa na maji ya ndizi yaliyochujwa. Gome la mti uitwao msesewe hutia uchungu, kama hopsi itiavyo katika bia ya Ulaya. Pombe ikishaiva hunywewa kwa kata, na kata hiyo hupita mkono kwa mkono kwa kufuata heshima ya umri na ukoo. Posa haitimii bila mbege. Ugomvi wa ndugu hausuluhishwi bila mbege. Aliyekosa huja na jani la sale kuomba radhi, na wakisha kupatana hunywa pamoja.

Wala si Uchagani peke yake. Iringa na Njombe, wakati wa mvua, machipukizi ya mianzi hukatwa ncha, yakachongwa upya asubuhi na jioni, na maji yake yakakingwa kwa mbeta. Huo ndio ulanzi. Kagera, ndizi mbivu hukanyagwa pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti mpaka zitoe maji, kisha mtama uliokaangwa ukaongezwa. Hiyo ndiyo lubisi. Tabora, nchi ya asali, wana wanzuki. Pwani, mgema hupanda mnazi alfajiri na jioni, akalikata karara na kulifungia kibuyu. Nchini Uganda, watu wa Teso huizunguka malwa yao ya ulezi kwa mirija mirefu, wote kutoka chungu kimoja. Kila mahali ardhi imetoa kilicho chake, na akili ya binadamu imekigeuza kuwa kinywaji cha heshima.

Mwalimu wa kemia na mwalimu wa baiolojia wasikie hapa. Nafaka inapoota huzalisha vimeng'enya viwezavyo kugeuza wanga kuwa sukari. Chachu huila sukari hiyo ikatoa kileo na hewa ya kaboni dayoksaidi. Kanuni hiyo ni moja kwa shayiri ya Bavaria na kwa ulezi wa Rombo. Louis Pasteur alichapisha uchunguzi wake wa bia mwaka 1876, na mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alifaulu kuitenga chachu safi. Mabibi zetu hawakuwa na hadubini. Lakini walijua kwamba chombo kisipooshwa vyema pombe hugeuka siki, na kwamba kila hatua ina siku zake, ukizipunguza unaharibu na ukizizidisha unaharibu. Ikiwa hiyo si sayansi, basi hatujui maana ya neno hilo.

Kama ndivyo, dharau ilitoka wapi? Haikuota yenyewe, ilipandwa. Mwaka 1908, koloni la Natal huko Afrika Kusini lilitunga sheria iliyouwezesha mji wa Durban kujitwalia peke yake haki ya kupika na kuwauzia Waafrika pombe yao wenyewe. Mwanamke aliyepika nyumbani akawa mhalifu, na fedha za kilabu cha mji zikatumika kugharimia utawala wa hao hao waliotawaliwa. Miaka ya 1920 mji wa Nairobi nao ukafuata mfano huo. Wanawake hawakunyamaza: mwaka 1959, huko Cato Manor, Durban, waliandamana na kuvamia vilabu vya pombe vya serikali ya mji, maana walijua kwamba chungu ndicho kilichokuwa kikiwalisha watoto wao. Mkoloni hakuichukia pombe ya Mwafrika kwa kuwa ni pombe. Alichukia kwamba faida yake ilibaki mikononi mwa Mwafrika. Baadaye akatufundisha kuiona chafu, nasi tukalishika somo hilo kuliko alivyotarajia.

Uhuru ulipopatikana tulianza kujirekebisha. Tarehe 10 Desemba 1962, Rais Nyerere alipolihutubia Bunge, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akasikitika kwamba wengi waliosoma walizijua dansi za Kizungu kuliko ngoma za kwao. Tangu hapo ngoma zilipata watetezi. Zilifundishwa shuleni, zikachezwa uwanjani siku za sherehe za taifa, zikaandikwa vitabuni. Lakini chungu hakikualikwa. Tukaichukua ngoma ya mavuno tukaiacha pombe ya mavuno, kana kwamba moja ilipata kuwako bila nyingine! Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 iliendelea kuiweka pombe ya asili katika daraja lake la pekee, yenye leseni yake na kilabu chake, mbali na bia ya chupa.

Tazameni harusi zetu za leo. Chini ya turubai, penye viti vilivyovishwa vitambaa, mgeni rasmi huwekewa chupa. Nyuma ya nyumba, karibu na jiko, wazee hukaa juu ya magogo na ndoo ya mbege. Mzee aliyelea, aliyesomesha, aliyepokea mahari, amewekwa nyuma pamoja na kinywaji chake! Vijana wa ukoo wakitaka kumsalimu hutoka mbele wakaenda nyuma kama wanaokwenda stoo. Mwacha mila ni mtumwa, walisema wahenga. Nasi twaongeza kwamba utumwa huu hauna hata bwana wa kutushurutisha.

Limetazameni pia neno lenyewe: pombe ya kienyeji. Kienyeji ni kitu cha mwenyeji, na mwenyeji ni yule mwenye nyumba, ampokeaye mgeni na kumpa kiti. Neno hilo lilistahili kuwa sifa. Sokoni tumeshalirudishia heshima kwa upande mmoja: kuku wa kienyeji leo huuzwa kwa bei kubwa kuliko kuku wa kisasa, na mnunuzi hujigamba kwamba amempata. Iweje basi kuku wa mwenyeji awe bora, na pombe ya mwenyeji iwe aibu? Anayeweza kunieleza tofauti hiyo bila kumtaja mkoloni, na anieleze.

Najua majibu yatakayotolewa. La kwanza litasema kwamba kuitukuza pombe ni kuutukuza ulevi, tena mbele ya wanafunzi. La hasha! Ulevi ni adui wa familia na wa kazi, na wazee wetu waliufahamu kuliko sisi. Ndiyo sababu pombe ya asili ilikuwa na msimu wake, shughuli yake na mpangilio wake wa wanywaji, na vijana hawakuwa wa kwanza kupokea kata. Kilichotuharibia vijana wengi ni pombe isiyo na msimu wala mzee. Serikali ilipopiga marufuku viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, pakiti zile hazikutoka katika chungu cha bibi yeyote, zilitoka kiwandani. Simwambii mwanafunzi anywe. Namwambia ajue. Hujifunza habari za vita bila kupigana, na hujifunza habari za sumu bila kuionja. Halikadhalika wale ambao dini zao zimewakataza kileo, nawaheshimu, wala simwalike mtu kuvunja amri ya imani yake. Kuijua elimu ya jamii yako si kunywa.

Jibu la pili litasema kwamba pombe hizi ni hatari, kwa kuwa watu wamekufa. Ni kweli kwamba wamekufa. Januari 2015, huko Chitima katika mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe msibani. Uvumi ulisema kwamba imetiwa nyongo ya mamba. Wataalamu wa maabara walipochunguza, wakakuta sumu iliyozalishwa na bakteria, na chanzo chake ni unga wa mahindi uliotumika kuipikia. Tukio hilo la huzuni latufundisha nini? Latufundisha kwamba chungu kinahitaji maabara, hakihitaji dharau. Bia ya chupa ni salama kwa sababu kuna wenye kazi ya kuipima kila siku, wala si kwa sababu imezaliwa nje. Mama anayepika kwa hofu ya kukamatwa hatamwita mkaguzi aje kuangalia mapipa yake. Anayedharauliwa hujificha, na kilichofichwa hakipimwi. Tena watu wasichanganye mbege na gongo. Moshi ni kileo cha kukeneka, kikali, nao ulitungiwa sheria yake mwaka 1966. Pombe ya kuchachuka ni kitu kingine kabisa, na mwenye kuviweka pamoja vitu hivi viwili amekosa elimu ile ile ninayoidai.

Jibu la tatu ndilo lenye ujanja zaidi. Litasema: vyema, basi tuige, tuipakie mbege katika chupa nzuri, tuibandike picha ya mlima, tuionje mbele ya kompyuta kama wafanyavyo wenzetu. Hapa yatupasa tuwe macho. Ile hafla ya kioo ilizaliwa na dhiki. Watu walikatazwa kukaribiana, nao wakapata cha kuwafariji; na hata sisi, katika miezi ile, kupokezana kata kulikuwa hatari. Lakini dhiki isigeuzwe kuwa desturi. Kioo huonyesha uso wa jirani, hakipitishi kata. Kila mnywaji ana chupa yake, sebule yake na ukimya wake baada ya kuzima mtambo. Mbege ilipikwa ili iwaweke watu pamoja, na ikiwekwa kwenye sanduku la mtu mmoja, kitakachosafirishwa ni kimiminika tu. Tuchukue kwa wenzetu lile lililo jema, yaani kumtaja mpishi kwa jina, kuieleza kazi yake hadharani, na kuionja kwa akili badala ya kuimeza kwa pupa. Upweke tuwaachie.

Basi yafanywe nini? Nataja mambo manne, nayo hayahitaji fedha za kigeni.

Kwanza, shule. Mwalimu wa sayansi afundishapo uchachukaji atumie mfano wa kimea cha ulezi kabla ya shayiri. Mwalimu wa historia aseme habari za Durban na Cato Manor. Mwalimu wa Kiswahili awatume wanafunzi wakaandike kwa bibi na babu zao hatua za upishi na majina ya vyombo, kwa maana majina hayo hufa pamoja na wenye nayo.

Pili, lugha. Waonjaji wa Ulaya wana msamiati mrefu wa ladha, na vijana wetu hudhani kwamba Kiswahili hakiwezi. Kiswahili kina uchungu, ukali, uchachu, ukakasi, utamu, povu, chachu, machicha na kimea. Tunayo maneno ya kuielezea kata moja ya mbege kwa ukurasa mzima. Sisi washairi tumeisifu asali na marashi. Hatutapungukiwa tukikisifu na chungu.

Tatu, halmashauri. Badala ya kumfukuza mpishi, impe leseni kwa gharama anayoiweza, impe maji safi na mkaguzi mwenye adabu, na iliandike jina lake. Akiharibu ajulikane, na akipika vyema asifiwe. Najua wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini mgema asiyesifiwa wala kukaguliwa hulitia mabaya kuliko maji.

Nne, orodha ya urithi wetu. Tanzania imeridhia Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 wa kuhifadhi urithi usioshikika. Kama bia ya Mbelgiji ni urithi wa binadamu wote, na kama nsima ya Malawi iliingizwa katika orodha hiyo mwaka 2017, basi maarifa ya mbege, ulanzi na lubisi yanastahili kukusanywa na kuandikwa na taasisi zetu, kwa Kiswahili, kabla mgeni hajaja kuyaandika kwa lugha yake na kutuuzia kitabu.

Ndugu mwalimu, usingoje waraka. Desemba hii wanafunzi wako watakwenda makwao kwa likizo, na huko yuko mama au bibi atakayeloweka ulezi kwa ajili ya sikukuu. Wape daftari. Waambie wamuulize ulezi huoteshwa siku ngapi, msesewe hutiwa lini, na nani alimfundisha. Waandike jina lake lote juu ya ukurasa, kama yaandikwavyo majina ya wataalamu wengine, na likizo ikiisha wayasome hayo mbele ya darasa.